Kikao kilimkataa mchumba wangu kabla ya wali, kikamkubali kabla sinia halijaisha (Kibiti, enzi za ruksa)

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko kazini mnajifanya mnaandika ripoti na mlioko kitandani mmejifunika shuka na simu.

Leo na mie nashusha langu. Halina chumvi, maana chumvi ingeharibu. Kila nikilikumbuka nacheka peke yangu jikoni hadi jirani anachungulia dirishani kujua kulikoni. Kama humu kuna mtu wa Kibiti aliyekuwa na akili zake miaka hiyo, akiona nimepotosha anisute hadharani. Majina ya watu nimebadilisha, isipokuwa langu. Kwetu kina Somoe tuko wengi, hamtanipata.

Kilichonisukuma kuandika ni swali aliloliuliza mume wangu sebuleni Jumapili iliyopita. Swali lenyewe liko chini. Tafadhali msikimbilie kulisoma, mtajimalizia utamu bure.

Sasa twende.

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, nyie mliozaliwa juzi hamuwezi kuelewa raha yake. Mtu umezoea kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, ghafla sabuni zina rangi, zinanukia, na muuzaji anakuuliza unataka ipi. IPI! Siye tulikuwa hatujawahi kuulizwa ipi. Mitumba ikashuka, redio za kaseti zikashuka, mabasi ya watu binafsi yakaanza kufukuzana kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Lindi, kila moja linapiga taarabu yake. Kibiti nzima ilikuwa na mchecheto wa harusi.

Mie nilikuwa binti niliyemaliza la saba, naishi kwa baba na mama, na kazi yangu ni kuuza mikeka pale mabasi yanaposimama. Nilikuwa nauza na Shangazi Tatu, dada yake baba. Shangazi alikuwa mfupi, mweusi tii, na mdomo alijaaliwa. Akisuka mkeka wa ukindu, hata dereva wa lori la mbao anashuka kuutazama.

Kwenye ile mikeka niligundua kitu cha ajabu.

Tulikuwa tunatandika miwili mbele ya mteja. Mmoja wa rangi, zambarau na kijani na nyekundu na vijimraba vya njano, mradi fujo. Mwingine wa kawaida, rangi ya ukindu wenyewe, na mstari mweusi pembeni. Ukimuuliza mteja, "Nikufungie upi?" mkono unakwenda kwenye ule wa rangi. Sawa.

Lakini akisitasita, mie kwa kutaka kumrahisishia namwambia, "Basi niuondoe upi?" Unadhani anaonyesha upi? Ule ule wa rangi! "Ondoa huo, una makelele." Anabeba wa kawaida, anapanda basi.

Siku moja Shangazi alinisikia, akanikemea pale pale mbele ya abiria.

"We Somoe! Mtu usimuulize aondoe nini. Muulize achukue nini. Unataka tulale na njaa?"

Nikaona ni maneno ya biashara tu. Mkeka wa rangi ulikuwa na bei zaidi, basi nikadhani ndiyo sababu yake.

Haya, wachumba.

Wa kwanza, Shamte. Mtu wa Salale huko delta, mto unapoingia baharini, ananunua kamba wa baharini kwa wavuvi, anawalaza kwenye barafu na kuwapandisha kwa boti ya mashine hadi kwa matajiri waliotoka Dar na magari yao. Hapo Kibiti alifungua kibanda cha video chenye jenereta, jioni watu wanajaa kutazama makarate. Hata baba yangu alikuwa anapita pale akijifanya anatafuta mbuzi wake. Hatukuwa na mbuzi.

Shamte alikuwa na mambo makubwa. Jenereta lake aliliazimisha bure kwenye kila harusi na kila maulidi. Mjomba Bakari, kaka yake mama, alipougua ghafla kule Mbuchi, huko huko delta, ni Shamte aliyewaacha kamba wake waoze kwenye boti akampandisha hadi hospitali. Hakudai hata asante.

Na kasoro zake zilikuwa kubwa vile vile. Alishaoa, mke akarudi kwao. Nyumbani haonekani, leo yuko Salale kesho yuko Dar. Alivaa mashati ya maua na miwani myeusi, anaingia nayo hadi msikitini. Na kicheko chake, jamani! Aliwahi kuangua kicheko kwenye matanga ya mtu mpaka wafiwa nao wakacheka, kisha wakamkasirikia kwa kuwachekesha.

Wa pili, Athumani wa Nyamwage, huko kwenye barabara ya Lindi. Ana michungwa, ana mikorosho kiasi, ana baiskeli. Anaswali swala tano. Si mrefu, si mfupi. Si mkali, si mcheshi. Hakuna mtu aliyewahi kumsema vibaya, na ukiniuliza nani aliwahi kumsifia, nitaomba muda.

Mie nilimtaka nani? Wakuu, mnauliza kweli? Nilimpenda Shamte hadi nasuka mkeka nakosea mstari, nafumua, nakosea tena. Alikuwa akija stendi ananunua mkeka. Kesho anakuja, mkeka. Shangazi akamuuliza, "Mwanangu, kwani unajenga msikiti?" Akacheka kile kicheko chake, basi likaondoka na mteja wetu mwingine mlangoni hatujamuuzia.

Posa zote mbili zikaja karibu karibu, kila mmoja na mshenga wake, na mwezi wa Ramadhani unabisha hodi. Ilikuwa lazima mmoja ajibiwe ndiyo na mwingine aombwe radhi mapema, watu wasiingie kwenye funga na kinyongo. Baba akaitisha kikao cha familia siku ya Ijumaa, baada ya swala.

Tatizo ni kwamba baba yangu alikuwa mpole wa kupindukia, kuamua hakuwezi. Hata kununua kuku alitaka mtu amchagulie. Mambo yote mazito alimwachia kaka yake, Baba Mkubwa Mfaume.

Sasa mjueni Baba Mkubwa Mfaume. Maisha yake yote alikuwa mkaguzi wa korosho kwenye ghala la ushirika. Mkulima analeta gunia, yeye anatia mkono, anachambua, mbovu anaitoa, yenye doa anaitoa, iliyosinyaa anaitoa. Kinachobaki ndicho kizuri. Basi. Ruksa ilipoleta wanunuzi wao binafsi, ghala likalala, Baba Mkubwa akarudi nyumbani na ule mkono wake. Akaanza kukagua kila kitu. Akikaribishwa wali, kwanza anatafuta mchanga. Akioneshwa mtoto mchanga, anaanza kumtazama masikio.

Huyo ndiye mwenyekiti wa kikao cha ndoa yangu. Nilijua nimekwisha.

Wanaume wakakaa ukumbini juu ya mikeka yetu wenyewe. Baba, Baba Mkubwa, Mjomba Bakari. Siye wanawake tuko chumba cha uani, kati yetu na wao ni pazia la khanga. Mama anapepea moto wa wali. Mie nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi ya chakula cha usiku, masikio yote yako paziani. Shangazi Tatu anachambua mchele wa usiku huo huo huku midomo inamcheza, maana kunyamaza kwake ni kazi ngumu.

Baba Mkubwa akakohoa.

"Jamani, binti mmoja, wachumba wawili. Hakuna namna, mmoja atoke. Tunamtoa nani?"

Mjomba Bakari akaanza. Mjomba Bakari yule yule aliyepandishwa kwa boti! "Mie naona Shamte. Yule alishaacha mke. Mtu akishaacha mmoja..."

Baba naye, "Na nyumbani halali. Mwanangu atakuwa mjane mume yu hai."

"Na ile miwani," akamalizia Baba Mkubwa kwa sauti ya mtu aliyekutana na korosho mbovu. "Nimeswali ubavuni kwake, nimejiona mwenyewe kwenye miwani yake. Swala ikaniharibikia."

Wakaguna wote kukubali.

"Haya, na huyu Athumani. Kuna mwenye neno?"

Kimya. Nani awe na neno na Athumani?

"Basi Shamte ametoka. Tuleteeni chakula, tukishakula tusome dua tuufunge mjadala."

Wakuu, nilikuwa nakuna nazi, nikaendelea kukuna hadi nakuna kifuu. Machozi yananidondokea kwenye nazi. Mama hakuniuliza ninalia nini, kwa sababu mama alikuwa anajua, kama mama wote wanavyojua.

Nikawa naisikia sauti ya Baba Mkubwa kichwani. Tunamtoa nani. Tunamtoa nani. Nikauona mkono wa abiria unanyooshwa kwenye mkeka wa rangi. Ondoa huo, una makelele.

Nikamrukia Shangazi, nikamshika mkono na mchele ukamwagika.

"Shangazi! Anauliza atolewe nani! Anauliza kama korosho! Nenda ukawaulize kama mkeka!"

Shangazi akanikodolea macho. Kisha nikaona linamwingia, pole pole, kuanzia kwenye macho hadi kwenye mashavu. Akajifunga khanga kiunoni, akapakua wali, juu yake akamimina mchuzi wa kamba. Kamba wale waliletwa na nani, msiniulize. Akabeba sinia akapita pazia.

Dua ilikuwa haijasomwa, na shangazi wa binti kwetu ana sauti. Ndiyo bahati yangu.

Akatua sinia, akaketi kando, akajifanya hajui lolote.

"Kaka zangu, mie huko ndani moshi umeniziba masikio. Mmesema Somoe mnampa nani?"

"Tumemtoa Shamte," Baba Mkubwa akasema na tonge mkononi.

"Kutoa nimesikia. Nauliza kumpa. Haya, Shemeji Bakari, Somoe mwanao. Unamkabidhi kwa nani?"

Mjomba Bakari mdomo umejaa, hakufikiria hata kidogo. "Shamte. Yule aliacha mali yake ioze kwa ajili yangu. Mie ningekuwa udongo saa hizi."

"Na weye kaka'angu, baba mtu?"

Baba akatabasamu, nilimwona kwenye tundu la khanga. "Shamte. Nyumba aliyomo yule haina huzuni."

"Kaka mkubwa?"

Baba Mkubwa akatafuna. Akameza. "Ukiniuliza kwa kumpa... kwa kumpa, ni Shamte. Jenereta lake liliwasha maulidi yangu, hakuchukua hata senti..."

Mkono wake ukakwama hewani.

"Lakini Shamte si tumemtoa?"

Wanaangaliana.

"Nani kamtoa?" Mjomba akauliza.

"Wewe!"

"Mie? Mie nimempa!"

"Umempa sasa hivi, umemtoa kabla ya wali!"

Wakuu, hapo ndipo Shangazi alipoharibu kikao. Akauliza kwa upole, "Na Athumani, ana kasoro gani?"

"Hana," wote kwa pamoja.

"Na sifa yake kubwa ni ipi?"

Wakafikiri. Wakafikiri sana. Baba akajikuna kidevu.

"Ana baiskeli."

Mama aliyekuwa anajikaza upande wetu akapasuka kicheko, akajiziba na khanga. Mjomba Bakari akapaliwa na kamba. Baba alicheka hadi akalala ubavu kwenye mkeka, machozi yanamtoka.

Baba Mkubwa ndiye hakucheka. Alikasirika kabisa. Mtu mzima, mkaguzi, amekagua gunia moja mara mbili na majibu hayafanani! Akainuka.

"Basi. Hapa hakuna kikao. Tumuulize mwenyewe."

Akaja hadi kwenye pazia. Nikaona vidole vya miguu yake chini ya khanga.

"Somoe mwanangu."

"Abee."

"Huyu Athumani, una ubaya naye?"

Kicheko chote kikanikauka.

Kwa vijana msiojua: binti kwetu akiulizwa mambo ya mume hajibu. Anainamisha kichwa, kimya chake kinahesabiwa ni ridhaa. Ni heshima, na wameolewa kwa heshima hiyo dada zangu wote. Sasa hesabuni mtego nilionaswa. Nikinyamaza, naolewa Nyamwage. Nikisema sina ubaya naye, ambayo ndiyo kweli ya Mungu, naolewa Nyamwage. Nikisema ninao, nimemzulia mtu mwema, na Baba Mkubwa atataka nitaje doa moja baada ya jingine.

Na hakuwa ananitega! Alikuwa anauliza kama alivyozoea kuuliza maisha yake yote. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Mama akanibana mkono. Nikasimama, mikono imejaa nazi iliyokunwa, nikasema na pazia:

"Shikamoo Baba Mkubwa. Naomba uniulize ninayemtaka."

Binti ameomba aulizwe vingine! Vidole vya Baba Mkubwa vikakunjamana. Nikajua sasa hivi pazia linachanwa, nakula kofi.

Nikasikia sauti kutoka mkekani. Ilikuwa ya baba. Baba asiyeweza kuchagua kuku.

"Kaka, muulize anavyotaka kuulizwa. Ni mwanangu."

Mpaka leo nikiandika hapa macho yananiwasha. Baba yangu hakuwahi kuamua jambo, na aliamua lile.

Baba Mkubwa akakohoa mara kadhaa.

"Haya. Unamtaka nani?"

"SHAMTE!"

Nilikusudia kusema taratibu, wallahi. Ilitoka yenyewe. Kuku wakaruka uani. Watoto waliokuwa wanacheza nje wakalidaka, wakakimbia nalo barabarani, "Shamte! Shamte! Somoe anamtaka Shamte!" likafika kwenye kibanda cha video kabla mshenga wake hajavaa viatu. Tukasikia kile kicheko chake kutoka huko huko.

Baba Mkubwa akatikisa kichwa. Halafu akasema, "Huyu aibu hana. Wanafaana." Akarudi kusoma dua.

Athumani, kwa wanaojali, alioa Ikwiriri mwanamke mcheshi kunizidi mie, na baiskeli imekuwa pikipiki. Tukikutana tunasalimiana vizuri. Sina ubaya naye mpaka leo.

Sasa Jumapili iliyopita.

Binti yetu wa mwisho, anaitwa Tatu, ameleta mchumba. Kijana anapiga muziki kwenye maharusi, amesuka nywele, suruali inamning'inia, lakini bibi yake mgonjwa anamwogesha mwenyewe na kumlisha mwenyewe. Shamte wangu sasa ni mzee wa kanzu na kofia, msikitini anakaa safu ya mbele. Kijana alipoondoka, mzee akajiweka sawa kwenye kochi, akarekebisha miwani, ya kusomea siku hizi, akauliza:

"Haya mama Tatu, tuanze. Kijana huyu ana kasoro gani?"

Nilicheka. Nilicheka hadi nikatoka nje, nikarudi, nikamwona bado amekaa vile vile kama Baba Mkubwa Mfaume, nikatoka tena. Niliporudi nikamwambia, "Mzee, mie wangeniuliza hivyo tu, leo ningekuwa Nyamwage navuna machungwa."

Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu. Akawaza jambo, sijui boti, sijui siku ile. Kisha kikaja kile kicheko chake cha matanga, kuta zikatikisika.

Akaita, "Tatu! Hebu njoo mwanangu. Unamtaka nani?"

Mtoto akajibu kwa kelele kunizidi mie. Damu haipotei.

Nilichojifunza mie muuza mikeka ni hiki. Ukitakiwa uamue jambo la maana, iwe mke, kazi, kiwanja au kura, kabla hujajibu, tazama umeulizwaje. Umeulizwa utoe nini, au uchukue nini? Jiulize kwa pande zote mbili. Majibu yakigongana, usiogope, usimkasirikie mtu, ndiyo kwanza umeanza kufikiri. Na wenye mambo mengi, wenye rangi rangi, muwahurumie. Kwenye swali moja ni wa kwanza kuchaguliwa, kwenye jingine ni wa kwanza kutupwa, na ni watu wale wale.

Haya wadau, uwanja wenu. Nani humu aliolewa, aliachwa au alikosa kazi kwa sababu ya swali lilivyoulizwa? Shusheni visa, leo sina haraka.

Shamte amekaa hapa pembeni anachungulia simu, ananiuliza, "Kwani umewaandikia mabaya yangu yote?"

Nimemwambia aulize vizuri.

Kaguna. Kawaza. Kauliza tena: "Umewaandikia kama bado unanitaka?"

NDIYO! Na kuku wa jirani wameruka.